Kwa Nini Walipue Baruti Kando ya Meli Yao?

Tarehe 18 Juni 2021, katika bahari ya Atlantiki mbali na pwani ya Florida, jeshi la wanamaji la Marekani lililipua baruti ya tani 18 hivi karibu na meli yake lenyewe, Gerald R. Ford, inayobeba ndege za kivita. Mabaharia walikuwamo ndani. Vyombo vya kupimia matetemeko ya ardhi vilinasa kishindo cha 3.9. Mwezi Julai na Agosti wakalipua tena.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza kama watu hao wana akili timamu. Swali ni la haki, na jibu lake limo katika topido moja ya zamani.

Topido ni silaha inayofyatuliwa na nyambizi na kwenda chini ya maji kwa mtambo wake yenyewe. Ile iliyoitwa Mark 14 ilibuniwa Newport, Rhode Island, miaka ya 1930. Moja iligharimu kiasi cha dola 10,000, na uchumi ulikuwa mbaya. Wakubwa wakabana matumizi: topido zikajaribiwa zikiwa na kichwa cha maji badala ya baruti, kichwa chepesi kuliko kile cha vita. Mimi siwacheki. Niliwahi kupima kinasa sauti changu mezani ofisini, kikatoa sauti safi. Nikaenda nacho bandarini siku ya upepo, nikarudi na mvumo mtupu.

Vita vilipowafikia Desemba 1941, manahodha wa nyambizi walilenga, wakafyatua, na meli za Japani zikaendelea na safari. Walipolalamika, idara ya silaha iliwaambia hawajui shabaha. Fikiria mtu aliyeponea chupuchupu kuambiwa hivyo! Juni 1942, Admirali Charles Lockwood akatega wavu wa wavuvi huko Albany, Australia, topido zikafyatuliwa kuupitia. Matundu yakasema kweli: zilipita kama mita tatu chini ya kina zilichopangiwa.

Kina kikarekebishwa, lakini maradhi hayakwisha. Tarehe 24 Julai 1943, nyambizi Tinosa ya nahodha Dan Daspit iliikuta meli kubwa ya mafuta, Tonan Maru Na. 3. Ilipokwisha kusimama, Daspit alijiweka ubavuni pake, karibu mita 800, akafyatua topido tisa, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyolipuka. Ya mwisho hakuifyatua. Aliirudisha Pearl Harbor ikachunguzwe.

Ndipo Lockwood akaamuru topido zenye baruti halisi zifyatuliwe kwenye majabali ya kisiwa cha Kahoolawe, Hawaii. Iliyokataa kulipuka ikaopolewa na kufunguliwa. Pini ya kuwashia baruti haikuwa imegonga kwa nguvu ya kutosha. Topido iliyogonga sawasawa, kama alivyofundishwa kila nahodha, ndiyo iliyoshindwa zaidi; iliyogonga kimshazari ilikuwa na nafuu. Dawa ilipatikana vita vikiwa vimekwenda miezi 21 hivi.

Samaki wa Florida nawahurumia, sifichi. Lakini shabaha ya milipuko ile haikuwa kuona kama meli itazama. Walitaka kujua ni bomba gani litapasuka, waya gani utachomoka, pampu gani itazimika, wakati ambapo hakuna adui karibu. Baada ya mlipuko wa tatu, Gerald R. Ford iliingia kiwandani Virginia, mafundi wakaanza kuikagua.