Kijana Mgonjwa Aulizwe Anatamani Nini

Huenda katika kijiji chako yupo kijana mwenye ugonjwa mkubwa wa siku nyingi. Huenda ana selimundu, saratani au ugonjwa wa moyo. Watu huja kumwona na kumpa pole. Humwuliza mama yake, "Leo amekula? Usiku amelala?" Maswali hayo ni mazuri. Lakini ni watu wachache wanaomgeukia kijana mwenyewe na kumwuliza, "Je, wewe unatamani nini?"

Leo tutaeleza faida ya swali hilo. Pia tutaeleza namna ya kumtimizia kijana mgonjwa jambo analolitamani bila kumdhuru.

MTOTO ALIYETAKA KUWA POLISI

Mwaka 1980, katika jimbo la Arizona, nchini Marekani, alikuwapo mtoto wa miaka 7 aliyeitwa Chris Greicius. Alikuwa na saratani ya damu, na madaktari hawakuweza kumponya. Mtoto huyu alitamani sana kuwa polisi.

Polisi wa jimbo lile walipata habari zake. Tarehe 29 Aprili 1980 walimpandisha katika helikopta, wakampokea kwenye makao yao makuu, na kumfanya polisi wa heshima. Alishonewa sare ya kiasi chake. Siku chache baadaye, tarehe 3 Mei 1980, alifariki dunia.

Watu waliomsaidia waliona furaha aliyoipata. Mwaka ule ule waliunda chama cha kuwatimizia watoto wengine wagonjwa matamanio yao. Chama hicho huitwa Make-A-Wish. Sasa kinafanya kazi katika nchi nyingi. Huwasaidia watoto na vijana wasiofikia miaka 18 wenye magonjwa ya hatari. Si lazima mtoto awe karibu na kufa. Wengi wao hutibiwa wakaendelea kuishi.

Chama hicho hufuata mambo mawili muhimu. Kwanza, anayechagua ni mtoto mwenyewe, si baba wala mama. Pili, daktari huulizwa kabla ya jambo kufanyika.

UGONJWA HUMNYANG'ANYA KIJANA NINI?

Tutoe mfano wa selimundu, kwa sababu ugonjwa huu ni wa kawaida katika Tanzania. Mtu mwenye selimundu ana chembe nyekundu za damu zinazojikunja kama mundu. Chembe hizo huziba mishipa midogo. Ndipo mgonjwa hupata maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Ugonjwa huu si uchawi, wala hauambukizi. Mtoto huurithi kutoka kwa baba na mama, wote wawili.

Kijana wa miaka 15 mwenye selimundu huweza kuwa na umbo dogo kuliko wenzake, kwa sababu ugonjwa huchelewesha kubalehe. Kwa hiyo watu humtendea kama mtoto mdogo. Hukosa shule mara kwa mara. Wenzake huenda kucheza mpira, yeye hubaki nyumbani. Watu wengine humwamulia saa ya kula, saa ya kulala na siku ya kwenda hospitali.

Umri huo ndio umri wa kuanza kujiamulia mambo. Wenzake wanaanza kupanga maisha yao, naye anapangiwa kila kitu. Kwa hiyo kumwuliza anatamani nini, kisha kulifanya, ni kumrudishia sehemu ya ujana wake.

Tena, kusikilizwa ni haki yake. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inasema kwamba mtoto ana haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa. Kwa sheria hiyo, mtu asiyefikia miaka 18 ni mtoto.

HATUNA HELIKOPTA, TUTAFANYAJE?

Matamanio ya vijana si lazima yawe ya gharama kubwa. Mmoja hutaka kuiona bahari au treni. Mwingine hutaka kulala siku mbili kwa bibi yake. Mwingine hutaka kufuga mbuzi wake mwenyewe, au kufundishwa kushona kwa cherehani. Mwingine hutaka kukaa na wenzake darasani siku ya mtihani. Mwingine hutaka kutoa, siyo kupewa. Kwa mfano, hutaka kumnunulia mama yake khanga.

Mambo hayo yanawezekana kama ndugu, majirani, mwalimu na vijana wenzake watashirikiana. Lakini msiuze ng'ombe wala shamba. Kijana akijua kuwa wadogo zake watalala njaa kwa ajili yake, furaha yake itageuka kuwa mzigo.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Mwulizeni mkiwa mmekaa kwa utulivu, siyo wakati wa maumivu. Mpeni siku kadhaa za kufikiri. Msimchagulie.

2. Msiahidi msichokiweza. Ahadi ni deni. Kama jambo ni kubwa mno, mwambieni kweli, kisha tafuteni pamoja naye sehemu inayowezekana.

3. Mwoneni mganga wa zahanati au daktari wake kwanza. Kama ni safari, ulizeni kama anaweza kusafiri, na hospitali ya huko iko wapi.

4. Asiache dawa hata siku moja. Achukue dawa zake, kadi yake ya hospitali na chandarua. Mwenye selimundu anywe maji mengi, avae nguo za kumkinga na baridi, apumzike mara kwa mara, na asioge maji ya baridi. Akipata homa au maumivu makali, apelekwe hospitali mara moja.

5. Msingoje mpaka azidiwe. Jambo hili lifanyike akiwa bado na nguvu za kulifurahia.

6. Tunzeni siri yake. Msimpige picha wala kutangaza ugonjwa wake bila yeye kukubali.

AKIULIZA, "JE, NITAKUFA?"

Kijana hufikiri. Akiona watu wote wanamfanyia wema ghafla, anaweza kuuliza, "Je, mnafanya haya kwa sababu nitakufa?" Wazazi wengi huogopa swali hili. Wengine humkaripia, na wengine humdanganya.

Msimdanganye. Kama daktari amesema kuwa anaweza kupona au kuishi miaka mingi, mwambieni hivyo, na mwelezeni kuwa mnampenda na mnataka afurahi. Kama hali yake ni mbaya, mwombeni daktari au mganga awasaidie kuzungumza naye. Kwanza mwulizeni yeye anajua nini na anaogopa nini. Mara nyingi kijana huwa ameshajua, ila hana mtu wa kuzungumza naye. Hofu ikisemwa mbele ya mtu anayekupenda, hupungua.

Kumtimizia kijana anachotamani si dawa. Hakuondoi saratani wala selimundu. Matibabu lazima yaendelee. Lakini mgonjwa hahitaji vidonge peke yake. Anahitaji pia kuwa na siku ya kuingojea, na baadaye siku ya kuikumbuka. Na kama kijana atafariki, wazazi wake watabaki na kumbukumbu nyingine zaidi ya kitanda cha hospitali.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini kijana mgonjwa achague mwenyewe?

2. Kwa nini daktari au mganga aulizwe kabla ya safari?

3. Je, katika kijiji chetu yupo kijana mwenye ugonjwa wa siku nyingi? Nani kati yetu atakwenda kumwuliza anatamani nini, na lini?