Dawa ya pumu haiingii kwa kilio

Katika nyumba nyingi zenye mtoto mdogo wa pumu, saa mbili usiku ni saa ya vita. Mmoja anashika mikono, mwingine anabana miguu, wa tatu anambandika maski usoni na kubonyeza inhela. Mtoto analia mpaka sauti inamkauka. Hapo bibi anawatuliza wenzake: "Mwacheni alie, akilia ndiyo anaivuta vizuri."

Haivuti. Mtoto anayelia hutoa pumzi ndefu na kuingiza fupifupi, kwa kwikwi. Chembe za dawa huhitaji pumzi ya polepole ili zipite kooni na kufika kwenye vijia vya hewa ndani ya mapafu. Pumzi ya kwikwi huzigongesha nyuma ya koo, akazimeza. Kichwa nacho kikitikisika, maski huachia shavu na dawa huvujia nje. Watafiti waliopima jambo hili wamekuta kwamba kwa mtoto anayelia, dawa inayofika mapafuni ni kidogo mno. Watu wazima watatu wametoka jasho, na dozi imepotea.

Wengine huona heri wamsubiri alale. Nayo haisaidii sana: watoto wengi hushtuka maski inapowagusa, wakaanza kuogopa na kitanda pia. Kubembeleza, basi, ni sehemu ya tiba yenyewe.

Ugomvi mkubwa kwa kawaida hauhusu dawa ya kutuliza, yaani salbutamol. Hiyo hufungua kifua ndani ya dakika chache, na hata mtoto wa miaka mitatu hugundua kwamba imemsaidia. Kazi iko kwenye dawa ya kinga, kama beclometasone au budesonide, ambayo hupunguza uvimbe wa ndani wa njia za hewa taratibu, kwa siku na wiki. Hutolewa kila siku, mtoto akiwa anacheza na hakohoi. Yeye haoni sababu ya kuitumia, na mara nyingi baba yake haoni pia. Ni kama mswaki: hakuna anayengoja jino liume ndipo aanze kusugua. Ndiyo maana ni vizuri kuweka inhela ya kinga karibu na mswaki na kuitumia kabla ya kusugua meno asubuhi na jioni. Kuna faida ya ziada: dawa hizi zikibaki mdomoni huweza kuleta utando mweupe wa fangasi, kwa hiyo kusukutua baada ya kuvuta, na kumfuta uso aliyetumia maski, kunahitajika hata hivyo.

Kabla ya kumlaumu mtoto, tutazame uso wa anayempa dawa. Mtaani inhela ina sifa mbaya: ni ya waliozidiwa, ukiianza huiachi, bora sharubati au vidonge. Hesabu inasema vingine. Mpulizo 1 wa salbutamol una mikrogramu 100. Kidonge kidogo kina miligramu 2, sawa na mipulizo 20, na lazima kipite tumboni na kwenye damu kabla ya kufika kifuani. Ndiyo sababu vidonge huwaacha watoto wakitetemeka mikono na moyo ukiwaenda mbio zaidi kuliko mpulizo mmoja au miwili.

Hofu kwamba dawa ya kinga humdumaza mtoto ina chembe ya ukweli. Utafiti mmoja wa Amerika Kaskazini uliowafuatilia watoto wa pumu mpaka utu uzima, ukachapishwa 2012, ulikuta kwamba waliotumia budesonide kwa miaka kadhaa utotoni walikuwa wafupi kwa wastani wa sentimita 1.2 kuliko wenzao waliopewa dawa bandia. Mzazi anayo haki ya kuijua namba hiyo, kisha aipime dhidi ya usiku wa kukimbizana na pumzi. Mimi naiona ni bei ndogo.

Sasa mtoto mwenyewe. Aliye chini ya miaka minne hivi huvuta dawa kupitia spesa, ile chupa ya plastiki inayounganisha inhela na maski. Akikua kidogo, maski huondolewa akashika mdomo wa spesa kwa midomo yake. Siku za kwanza usiweke dawa kabisa. Mpe maski aichezee, amvalishe mdoli, akuvalishe na wewe. Ibonyeze inhela hewani mara moja ausikie ule mlio wa "psss", maana wengi huogopa mlio huo kuliko dawa. Kisha muulize: "Haya baba, leo anaanza nani, wewe au mdoli?" Swali hilo linampa uamuzi bila kumpa nafasi ya kukataa. Akishatulia, tikisa inhela, maski ikae sawasawa usoni, bonyeza mara moja, mhesabu pamoja pumzi tano au sita za kawaida. Spesa nyingi zina valvu inayoonekana ikicheza kwa kila pumzi, na mtoto hupenda kuitazama. Mpulizo wa pili unataka kutikisa upya na kuhesabu upya.

Asiyeweza kununua spesa asikate tamaa. Mwaka 1999 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa madaktari wa Cape Town: kwa watoto wa kuanzia miaka mitano waliobanwa na kifua, chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyotobolewa kitako, inhela ikachomekwa na kuzibwa kwa gundi, ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Kikombe cha plastiki ya polistirini hakikufua dafu. Mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuitengeneza.

Kuna maneno mawili ya kuyaacha. La kwanza ni "usipokubali nakupeleka kwa daktari akudunge sindano." Mtoto aliyekuzwa na kitisho hicho huiona kila dawa kuwa adhabu. La pili ni kuiita dawa pipi; siku moja ataifuata kabatini. Mwambie ni dawa ya kifua chake, basi.

Sifa iwe ya jambo alilofanya: "Umetulia mpaka tumefika sita." Kalenda ukutani, achore alama yake kila akimaliza, ina kazi mbili. Anayevuta mipulizo 4 kwa siku atamaliza inhela ya mipulizo 200 kwa siku 50, na alama zake zitakwambia lini ununue nyingine. Mbinu ya kuelesha mkebe kwenye maji haiaminiki. Dada wa kazi, bibi na mwalimu wa chekechea nao wafundishwe hatua zilezile, kwa maneno yaleyale.

Kifua kikibana kweli, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, akashindwa kunyonya au kuongea, au midomo ikibadilika rangi, usingoje atulie. Mpe salbutamol kwa spesa hata akilia, kwa kiasi ulichoelekezwa na daktari, huku mwingine akitafuta usafiri wa hospitali.