Shule ni ya Nani? Jinsi Shule za Vijijini Nyeri Zilivyoanza, na Kwa Nini Wazazi Wanafaa Kujua

Zile shule kongwe za msingi zilizotapakaa Mathira, Tetu, Othaya na Mukurwe-ini hazikuanzishwa na serikali. Nyingi zilianza kwa kipande cha ardhi kilichotolewa na mbari, yaani ukoo wenye shamba, na kwa wazazi waliobeba miti, udongo na nyasi hadi jengo likasimama. Wengi wa wazazi hao hawakuwa wamewahi kushika kitabu.

Historia hiyo ina funzo kwa mkazi wa leo. Karibu miaka mia moja iliyopita, jamii nyingi zilijikuta zimejenga shule bila kuwa na hati ya ardhi wala sauti katika uongozi wake. Ulipozuka mzozo, walijua kwamba jasho peke yake halikutosha.

Matawi ya misheni

Misheni ya Kanisa la Scotland ilifungua kituo cha Tumutumu, karibu na Karatina, mwaka 1908. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia walikuwa wametangulia, kwani walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902, kisha wakaingia Nyeri na kujenga makao Mathari. Kila kituo kikuu kilieneza shule ndogo vijijini, zilizofanya kazi kama matawi yake.

Shule ya tawi ilikuwa chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa nyasi. Mwalimu alikuwa kijana aliyesoma miaka michache tu kituoni. Watoto na watu wazima walikaa pamoja wakifunzwa kusoma, kuandika, hesabu na dini, kwa lugha ya Gikuyu. Wanafunzi hawa walijulikana kama athomi, yaani wasomaji.

Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi. Kijiji kilitoa uwanja, vifaa na nguvu za mikono. Misheni ilitoa mwalimu, ikamsimamia na kuamua atakachofundisha. Jambo moja tu halikuwekwa wazi: siku pande hizi mbili zikikosana, jengo litabaki la nani?

Kodi juu ya kodi

Serikali ya kikoloni iliunda Idara ya Elimu mwaka 1911, na kwa miaka mingi ilichofanya zaidi ni kuzipa misheni ruzuku. Familia za Nyeri nazo zilikuwa zikilipa kodi ya nyumba, huku fedha zilizorudi katika shule za watoto wao zikiwa haba.

Mambo yalianza kubadilika serikali ilipoanzisha Mabaraza ya Wenyeji katikati ya miaka ya 1920. Mabaraza hayo yaliongozwa na mkuu wa wilaya Mzungu, lakini wajumbe wake walikuwa Waafrika, na yaliruhusiwa kutoza ada ya ziada kwa ajili ya maendeleo ya wilaya. Katika wilaya za Nyeri, Murang'a na Kiambu, wajumbe walisukuma fedha hizo ziende kwenye elimu. Wananchi waliokwisha kulipa kodi ya serikali wakakubali kulipa tena kwa sababu walitaka shule iliyo juu zaidi ya ile ya tawi.

Mojawapo ya matunda ya juhudi hizo ni Shule ya Serikali ya Waafrika ya Kagumo, iliyofunguliwa mwaka 1933. Ndiyo Shule ya Upili ya Kagumo ya leo.

Mwalimu wa kuzunguka

Kuwa na shule nyingi ni jambo moja, na kuwa na shule nzuri ni jingine. Mwaka 1924, tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizuru Afrika Mashariki kuchunguza elimu. Miongoni mwa wanachama wake alikuwa James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, Ghana ya leo. Tume hiyo ilipendekeza mfumo uliokuwa ukitumika kusini mwa Marekani, ambako mwalimu mmoja mwenye ujuzi alizunguka shule nyingi ndogo za Wamarekani weusi akiwasaidia walimu wake. Mfumo huo ulianzia jimbo la Virginia mwaka 1908 kwa kazi ya mwalimu Virginia Randolph, kwa fedha zilizotolewa na Anna Jeanes wa Philadelphia.

Mwaka 1925 Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete. Walimu walipelekwa huko pamoja na wake zao. Wanaume walijifunza mbinu za kufundisha, kilimo, ufundi na usafi wa mazingira, nao wake zao wakajifunza malezi ya watoto, lishe na kazi za nyumbani. Waliporudi wilayani, mwalimu wa Jeanes alizunguka shule kadhaa za vijijini: alitazama somo likifundishwa, akaonyesha njia bora, akasaidia kuchimba choo na kuanzisha bustani ya shule.

Wazazi wengi walithamini msaada huo, lakini walikuwa na shaka pia. Kwa nini mtoto wa Mwafrika afunzwe jembe na useremala wakati kazi za ofisi zinahitaji Kiingereza na hesabu? Waliogopa kwamba elimu ya mikono ilikuwa njia ya kuwafanya watoto wao vibarua wa mashamba ya walowezi. Mjadala kuhusu ufundi na masomo ya darasani umekuwa ukirejea Kenya tangu wakati huo.

Mzozo wa 1929

Mwaka 1929, misheni kadhaa za Kiprotestanti, ikiwemo ya Scotland, ziliwataka walimu na waumini wao kukana tohara ya wasichana. Leo ukeketaji ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2011, na madhara yake yanafahamika. Lakini wakati huo, wengi waliona agizo hilo kama wageni kuingilia desturi na ardhi yao kwa pamoja. Walimu walioshikilia msimamo wao walipoteza kazi, na wazazi wengi wakawaondoa watoto katika shule za misheni.

Hapo ndipo swali la umiliki lilipojitokeza. Wazazi walisema shule ni yao kwa kuwa waliijenga. Misheni zilisema uwanja umeandikwa kwa jina lao. Pale ambapo karatasi ilikuwa ya misheni, waliojenga walilazimika kuanza upya kwingine.

Nao walianza. Miaka ya 1930 ulizaliwa Muungano wa Shule Huru za Kikuyu, ambao rais wake alikuwa Johana Kunyiha wa Nyeri, huku shule za Karing'a zikipata nguvu zaidi upande wa Kiambu. Wazazi walichanga, wakajenga na kuwalipa walimu wenyewe. Mwaka 1939 chuo cha ualimu kilianzishwa Githunguri chini ya Peter Mbiyu Koinange, ili shule hizo zipate walimu wake. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ilizifunga shule huru. Baadhi zilifunguliwa tena zikiwa chini ya usimamizi mwingine.

Kinachomhusu mkazi leo

Mwaka 1934 serikali iliunda Bodi za Elimu za Wilaya, ambazo ziliwaweka maafisa, misheni na wajumbe wa Mabaraza ya Wenyeji kwenye meza moja. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka shule za misheni chini ya usimamizi wa umma, na makanisa yakabaki kama wafadhili.

Sasa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeweka Bodi ya Elimu katika kila kaunti, na bodi ya usimamizi katika kila shule ya umma. Katika bodi ya shule, wazazi huchagua wawakilishi 6, na mfadhili huwa na 3. Kwa mujibu wa Katiba ya 2010, serikali ya kaunti inasimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, na shule za msingi na za upili ziko chini ya serikali ya kitaifa.

Kwa hivyo, mzazi ana mambo matatu ya kufuatilia:

Kwanza, ahudhurie mkutano wa kuchagua wawakilishi wa wazazi. Viti 6 visipojazwa na watu wanaojali, maamuzi yatafanywa na wengine.

Pili, aulize bodi kama shule ina hati miliki. Ardhi iliyotolewa kwa neno la mdomo na babu ni rahisi kunyakuliwa au kudaiwa na vizazi vinavyofuata. Wazee wanaokumbuka mipaka na mbari iliyotoa uwanja wanafaa kusikilizwa, na maelezo yao yaandikwe wangali hai.

Tatu, ahudhurie vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti katika wadi yake, kwani huko ndiko mahitaji ya chekechea na vyuo vya ufundi hutajwa kabla fedha hazijagawanywa.

Wazazi wa 1929 walikuwa na moyo wa kujenga, lakini hawakuwa na karatasi wala kiti mezani. Wazazi wa leo wanaweza kuwa na vyote viwili, mradi wavidai.