Mita mia moja kutoka lami

Madalali wa nyumba Dar es Salaam wana sentensi moja ya kufungia biashara: "Mama, hapa ukishuka kwenye daladala umefika." Rafiki yangu na mkewe waliambiwa hivyo majuzi wakiwa barazani kwenye nyumba ya vyumba vitatu inayotazamana na Barabara ya Morogoro, na ilibidi dalali arudie, maana lori la mafuta lilikuwa linapanda mlima. Nyumba ya pili aliyowaonyesha ilikuwa ndani, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka lami, kodi ileile, njia yenyewe vumbi tupu. Wana watoto wawili, na mkubwa ana pumu. Shemeji akanipigia simu: "Wewe si ndiye unayeandika mambo ya afya? Tuchukue ipi?"

Nilimuuliza swali moja tu: ile ya kwanza iko mita ngapi kutoka barabarani? Akasema kama ishirini.

Mita ndizo zinazoamua, kwa sababu moshi wa magari hauenei sawasawa mji mzima. Unapotoka kwenye bomba la gari huwa na chembe ndogo ajabu, kiasi kwamba hadubini ya kawaida ya maabara haizioni. Zikishatoka, hazikai hivyo muda mrefu: hugongana, hushikamana, hutawanywa na upepo. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitoa matokeo ya kupima hewa kando ya barabara kuu namba 405. Karibu na magari chembe hizo zilijaa, kisha zikapungua kwa kasi kadiri walivyosogea. Walipofika mita 300 upande unakoelekea upepo, hewa haikuwa na tofauti na ya mtaa wowote wa jirani. Miaka mitatu baadaye mamlaka ya hewa ya jimbo hilo ilishauri nyumba na shule zisijengwe ndani ya mita kama 150 kutoka barabara kuu kubwa.

Mapafu ya watoto yanaonyesha kwa nini. Kusini mwa California watoto zaidi ya 3,600 walifuatiliwa kwa miaka minane, tangu wakiwa na umri wa miaka kumi hivi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: waliokuwa wakiishi ndani ya mita 500 kutoka barabara kuu, mapafu yao yalikua pungufu kuliko ya wale waliokaa mbali zaidi ya mita 1,500. Hata wasio na pumu waliguswa. Barabara zile, kweli, hubeba magari mengi kuliko zetu. Lakini sisi tuna malori ya dizeli yaliyochoka, na moshi wa dizeli uliwekwa rasmi kwenye orodha ya visababishi vya saratani na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2012.

Hapo kuna jambo ambalo dalali hatakuambia, pengine kwa kuwa hata yeye halijui. Barabara ya Morogoro, kwa ujumla, inatoka mashariki kwenda magharibi. Upepo wa kusi ukivuma katikati ya mwaka, nyumba za upande wa kaskazini wa barabara ndizo zinazoletewa moshi. Ukigeuka kuwa kaskazi, kuanzia Desemba, zamu inakuwa ya upande wa pili. Alfajiri, hewa ikiwa imetulia na baridi imekaa chini, moshi husafiri mbali kuliko mchana wa jua kali, na hiyo ndiyo saa ambayo daladala zinaanza kuunguruma na watoto wanakwenda shule.

Ila asiyekaa barabarani asijipongeze mapema. Kuna chembe nyingine, ziitwazo PM2.5, ambazo wembamba wake ni kama sehemu moja ya thelathini ya unywele. Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango chake kinachopendekezwa kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Chembe hizi hazitoki kwenye magari peke yake. Zinatoka kwenye taka anazochoma jirani kila jioni, na zaidi ya yote kwenye jiko la mkaa au kuni. Mtu anayehama barabarani kuokoa kifua cha mwanawe, kisha akapikia mkaa kwenye korido usiku wa mvua, amezunguka bure. Nilimwambia shemeji aangalie kwanza jiko liko wapi na lina madirisha mangapi. Hakufurahi sana, alikuwa ananiuliza habari za barabara.

Kelele nazo zina hesabu yake. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Magari yakiongezeka maradufu, kipimo hupanda kwa desibeli tatu tu. Zikipanda kumi, sikio husikia kama sauti imekuwa mara mbili. Vivyo hivyo, ukijitenga na barabara mara mbili ya umbali wa awali, unapunguza desibeli kama tatu. Kwa hiyo umbali unaomaliza moshi haumalizi kelele. Kelele inahitaji kizuizi. Jengo likikaa katikati yako na magari, kiasi kwamba hulioni gari, tayari umepata nafuu. Ua wa michongoma hausaidii kitu: ili mimea ipunguze desibeli kumi unahitaji msitu mnene wenye upana wa mita 60 hivi.

Jijini New York kuna majengo manne ya ghorofa 32 yaliyojengwa juu kabisa ya barabara kuu, yakiitwa Bridge Apartments. Mwaka 1973 wanasaikolojia Sheldon Cohen, David Glass na Jerome Singer walichapisha matokeo ya kuwapima watoto waliokuwa wakiishi humo. Wa ghorofa za chini, karibu na magari, walishindwa zaidi kutofautisha maneno yanayokaribiana matamshi, na kusoma kwao kulikuwa nyuma ya wale wa juu. Maelezo ya watafiti ni kwamba mtoto anayeishi kwenye kelele hujizoeza kutosikiliza, na katika kutosikiliza huko hupoteza pia sauti za maneno.

Mtu mzima atasema ameshazoea. Masikio yanazoea, moyo hauzoei. Usiku lori likipiga honi, mapigo hubadilika na presha hupanda kidogo hata kama hukuamka, na asubuhi hukumbuki chochote. Kwa barabara, WHO ilipendekeza mwaka 2018 kwamba kelele za usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 45. Mwongozo huo ulilenga Ulaya, ambako watu hufunga dirisha la vioo viwili na kulala. Sisi na joto letu la Februari tunalala madirisha wazi, nyavu tu, na dirisha wazi hupunguza desibeli kumi hadi kumi na tano basi.

Kuna watu waliotatua haya bila kipimo chochote. Mwenye kiwanja cha barabarani hujenga fremu za maduka mbele, akaacha ua, nyumba ya kulala ikakaa nyuma. Fremu zinaleta kodi na zinakula kelele. Kama lazima uishi barabarani, tafuta nyumba ya namna hiyo, au angalau chumba cha watoto kiwe upande wa uani. Na kabla ya kununua, usisahau hifadhi ya barabara: waliobomolewa kati ya Kimara na Kiluvya mwaka 2017 wanajua alama ya X inavyoumiza.

Shemeji akauliza kuhusu bodaboda za njia za ndani. Alikuwa na haki. Kwa mujibu wa WHO, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua walio kati ya miaka 5 na 29, na njia tulivu isiyo na tuta ni uwanja wa mbio. Swali ninaloliona zito zaidi, hata hivyo, ni shule iko upande gani wa lami, kwa sababu mtoto atavuka mara mbili kila siku, mwaka mzima.

Niliwaomba warudi kwenye nyumba zote mbili saa nane usiku wa Jumamosi, wazime gari na kukaa kimya robo saa. Wakaenda. Kule ndani walisikia mbwa, na kwa mbali muziki wa baa uliokatika kabla hawajaondoka. Kule barabarani walihesabu malori kumi na moja.

Wamechukua ya ndani, yenye jiko la nje lililoezekwa bati. Dalali alidai kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi yao. Akiwa anahesabu noti, rafiki yangu akamuuliza yeye anakaa wapi. "Mimi? Ndani huko, bosi," akasema. "Barabarani hapalaliki."