Kifungo Kwanza, Ushanga Baadaye

Mteja akiniletea mkufu uliokatika, macho yangu huenda kwanza pale unapofungwa. Mara nyingi shanga zote ni nzima na kidani ni kizima. Kilichoshindwa ni ringi moja ya milimita 5, kile kiduara cha waya cha kuunganishia vipande, iliyoachwa mdomo wazi, au uzi uliosagwa na ukingo wa ushanga wenyewe. Kwa hiyo wasichana wanaokuja kujifunza kwangu nawaambia jambo hili kabla hawajashika hata sindano: pesa yako ianzie kwenye koleo na vifungo. Karibu kila anayeanza hufanya kinyume. Anakwenda Kariakoo, anarudi na mifuko ya shanga za kila rangi, halafu anaazima praizi ya fundi umeme na kununua pakiti ya loki za bei ya kutupa. Pambo linapendeza siku ya kwanza, kisha linamwagika ndani ya daladala.

Praizi ya fundi umeme ni nzuri kwa kazi yake. Ina meno ya kung'ang'ania, na meno hayo huacha makovu kwenye shaba na fedha, makovu ambayo baadaye hukwaruza shingo na kunasa nyuzi za nguo. Kazi ya mapambo inataka koleo ndogo zenye midomo laini kwa ndani. Nne zinatosha kwa miaka mingi: moja yenye midomo ya mviringo kwa ajili ya kukunjia vitanzi, mbili zenye midomo bapa iliyokonda kuelekea nchani, na moja ya kukatia. Nasema bapa mbili kwa sababu ringi haifungwi vizuri kwa koleo moja. Anayekuuzia seti yenye bapa moja amekuuzia nusu ya kazi.

Ukiwa dukani, ifunge koleo na uielekeze kwenye mwanga. Midomo ikutane hadi nchani kabisa. Ukiona mwanga unapita pale mbele, irudishe. Kisha shika mpini mmoja kila mkono uitikise kwenye maungio. Koleo inayocheza ikiwa mpya haitabana kitu mwakani. Ile ya kukatia ipime kwa kipande cha waya wa shaba: kata, halafu tazama ncha zote mbili. Upande mmoja utakuwa umechongoka, wa pili umelala bapa. Ubapa ukiwa safi, koleo ni nzuri, na wakati wa kazi upande huo bapa ndio ubaki kwenye pambo, ule uliochongoka uangukie kwenye taka. Usikatie nayo waya wa chuma, hasa ule wa bangili unaojikunja wenyewe. Mkato mmoja tu unatosha kuacha pengo kwenye makali yake.

Waya hupimwa kwa geji, na hapa wengi huchanganyikiwa kwa sababu namba ikipanda waya unakonda. Geji 18 ni kama milimita 1, geji 20 ni milimita 0.8, geji 24 ni milimita 0.5. Shanga ndogo za kioo zina mtindo huohuo wa kinyume: namba 8 ina upana wa milimita 3 hivi, namba 11 ni kama milimita 2 na kidogo. Nyingi ya shanga hizo, zikiwemo wanazotumia akina mama wa Kimasai, hutengenezwa Jamhuri ya Cheki, na namba zake ni zilezile ukinunua Arusha au Nairobi. Beba rula yenye milimita kwenye mkoba. Muuzaji akikwambia "hii ni saizi ya kawaida," toa rula.

Sasa ringi, maana hapa ndipo mapambo mengi yanapofia. Ukizivuta ncha zake moja kushoto na nyingine kulia, duara linaharibika na halirudi tena. Ishike kwa koleo mbili, moja kila upande wa mpasuko, mpasuko ukiwa juu. Mkono mmoja uvute kuja kwako, mwingine usukume kwenda mbele, ncha zipishane. Kuifunga, irudishe kwa njia ileile, lakini usiishie pale ncha zinapokutana. Zipitishe kidogo, zirudishe, zipitishe upande wa pili, huku ukizibana kwa ndani. Utazisikia zikikwaruzana, kisha zinatulia zikiwa uso kwa uso. Waya unapokunjwa na kurudishwa hivyo hukakamaa, na ukakamavu huo ndio unaoishikilia ringi isifunguke. Nikimaliza napitisha kucha juu ya mpasuko, halafu navuta uzi mwembamba kuzunguka ringi nzima. Uzi ukinasa, naanza upya. Kidani kizito nakipa ringi ya geji 18. Ya geji 22 yenye upana uleule naweza kuifungua kwa kuivuta kwa vidole tu, sasa mtoto aliyebebwa atashindwaje?

Uzi wa kutungia nao una mambo yake. Wengi huanza na mshipi wa kuvulia samaki kwa kuwa ni wa bei nafuu na hauhitaji sindano. Mimi simtungii mteja kwa mshipi. Hurefuka polepole mpaka mapengo yakaonekana kati ya shanga, na jua huukausha ukakatika bila onyo. Kwa kioo na mawe natumia waya wa nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa na kuvikwa nailoni, unene wa milimita 0.38. Huo haupigwi fundo. Ncha yake hubanwa kwa kishanga kidogo cha chuma laini. Koleo ya kubania ina matundu mawili mdomoni. La ndani hutia mfereji katikati ya kishanga, kila waya ukakaa upande wake; la nje hukikunja kiwe mviringo tena. Usipokuwa nayo unaweza kukibapisha kwa koleo bapa na kitashika, ila kingo zake zitakuwa kali, zifunike. Acha nafasi ya ushanga mmoja kabla ya kubana. Mkufu uliokazwa kabisa hukatika palepale kwenye kibano.

Kuhusu kifungo chenyewe, swali langu kwa mteja ni moja: nani atavaa? Loki ya springi yenye umbo la gando la kaa inashika vizuri, lakini bibi mwenye vidole vyenye maumivu hawezi kuifungua peke yake nyuma ya shingo. Huyo nampa kijiti na pete: kijiti kinapita kwenye pete na kulala kwa upana. Aina hiyo inahitaji pambo lenye uzito kidogo ili livute kijiti kisichomoke, kwa hiyo haifai mkufu mwepesi. Kwa bangili ya shanga, mimi naona hakuna kifungo kinachoshinda kile cha Wamasai cha kishikizo cha kawaida na kitanzi. Hakina springi ya kuchoka, hakishiki kutu kikiwa cha plastiki, na kikipasuka unashona kingine jioni ileile.

Kuna wakati kifungo kizuri ni kile kinachoachia. Mtoto anayepanda miti na mama anayekaa kwenye cherehani ya umeme hawatakiwi kuvaa mkufu usiokatika kwa nguvu yoyote. Kwao naweka kifungo cha plastiki cha kusukumiza kinachofunguka kikivutwa ghafla. Wateja hulalamika kwamba hakina hadhi. Nakiweka tu, na nikikataliwa siuzi. Watoto wadogo wanaolala na mkufu siwatengenezei kabisa.

Masikio ni suala la damu na ngozi, kwa hiyo hapa sina mzaha. Ndoano za hereni zinazouzwa kwa mafungu bila maandishi yoyote mara nyingi ni shaba njano au chuma kilichochovywa nikeli kipate weupe. Nikeli ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza duniani kwa kuwasha ngozi, na ngozi ikishaikataa haiisahau. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo kwa sheria: kitu kinachopita kwenye tundu la mwili kisiachie nikeli zaidi ya mikrogramu 0.2 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki. Sumaku wanayotumia wauzaji kukuthibitishia haisaidii, kwani inakwambia kama kuna chuma ndani, haikwambii kama sikio litavimba. Kuna matone ya kupimia yanayogeuka waridi yakigusa nikeli, na kichupa kimoja hutosha kwa kazi nyingi. Mteja mwenye masikio yanayokataa kila kitu nampa ndoano za titani au niobi. Fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1000, huwafaa wengi waliobaki. Ndoano nakata kwa waya wa geji 20, ncha naisugua kwa msasa laini mpaka isikwaruze ulimi, kisha mgongo wake naugonga taratibu kwa nyundo ya nailoni ili ukakamae usijinyooshe.

Sasa pini. Pini ya usalama tunayoichomeka kwenye kanga bila kuifikiria hataza yake ilitolewa tarehe 10 Aprili 1849 kwa Walter Hunt wa New York, aliyeuza haki yake kwa dola 400. Ubora wake uko sehemu mbili: kizingo cha springi upande mmoja na kikofia kinachofunika ncha upande wa pili. Ukinunua, bonyeza mara kadhaa. Inayobaki imelegea usiiamini hata kwa nepi.

Sisi wavaaji wa mitandio tumehamia kwenye sumaku, na ninaelewa kwa nini, maana hariri ikishatobolewa haizibiki. Lakini sumaku hizo ndogo zina nguvu kubwa. Mtoto akimeza mbili, zinaweza kuvutana huku kuta za utumbo zikiwa katikati na kuutoboa; hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo. Aliyewekewa kifaa cha mapigo ya moyo naye asizivae kifuani. Nyumbani kwangu zinakaa kwenye kopo lenye kifuniko, juu ya kabati.

Beji ndizo zilizoniingiza kwenye vifungo tangu udogo. Mjomba wangu alisoma Moscow, akarudi na kitambaa cha mahameli kilichojaa beji za Kirusi: nyota, roketi, miji ambayo hatukuweza kutamka majina yake, na dubu Misha wa Michezo ya Olimpiki ya 1980, ileile ambamo wanariadha wetu Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walitupatia medali mbili za fedha. Ukizigeuza utaona bei imechapwa mgongoni kwa kopeki. Nyingi ni za alumini, nyepesi mno, na pini yake ya chuma imelala kwa ulalo. Hewa ya Dar es Salaam ina chumvi na unyevu, na metali mbili tofauti zikigusana katika unyevu huo, moja huanza kuliwa. Ndiyo maana beji ya aina hii huoza kwanza pale pini inaposhikana na mgongo, wakati uso bado unang'aa.

Desturi yenyewe ya beji za Olimpiki ni ya zamani kama michezo ya kisasa. Athens mwaka 1896 wanariadha na waamuzi walivaa beji za karatasi ngumu ili watambulike. Beji za siku hizi zina msumari mfupi nyuma, na kinachoushika ndicho cha kuchagua. Kibati chenye mabawa mawili ndicho huja na beji nyingi. Vijilimi vyake vya ndani huchoka, na ukikifungua kila wiki kitakudondoshea beji barabarani. Kile cha mpira ni kitulivu na hakichomi kifua, lakini joto letu hukikausha kikapasuka. Kwa beji ninayoipenda nanunua kifungo cha kujifunga, ambacho hakiachii mpaka uvute kichwa chake. Beji pana yenye msumari mmoja huzunguka na kuinama. Tafuta yenye misumari miwili, au weka kipande cha ngozi nyuma ya nguo kabla ya kifungo. Kwenye kitenge kizito na ukosi wa koti hakuna shida. Kwenye dera jepesi, beji nzito itachana kitambaa.

Pini ikibanduka kwenye bruchi mpya, sugua pande zote mbili kwa msasa na utumie gundi ya kuchanganya ya chupa mbili, uiache usiku kucha. Gundi ya matone inayokauka kwa sekunde huacha ukungu mweupe na huvunjika ikigongwa. Kwenye beji ya zamani usitumie gundi yoyote, wala ndimu, wala dawa ya meno. Kutu naipangusa kwa brashi kavu ya nywele laini, kisha beji inaingia kwenye kopo lenye kipande cha chaki ya kufyonza unyevu, kila moja kwenye karatasi yake ili metali zisigusane. Chaki naibadilisha masika yakianza. Misha sikumbadilishia pini ingawa imeshika kutu, kwa sababu mkusanyaji anayejua huanza kwa kuigeuza beji, na pini ya mwaka ule ni sehemu ya anachokinunua.