Kipya kinyemi: Laki sita na safari ya kutafuta kompyuta Kariakoo

Dada yangu anauza vitenge sokoni Morogoro. Akipokea mzigo, haangalii maua ya mbele kwanza. Hukigeuza kitenge upande wa nyuma kuona kama rangi imepenya. Kama haijapenya, anakirudisha, hata kiwe kizuri namna gani.

Binti yake alipochaguliwa kwenda kusomea uhasibu Dar es Salaam, dada alinitumia shilingi laki sita kwa simu, kisha akapiga. Hakuwa na maneno mengi. "Kaka, hiyo ni ya kompyuta ya mtoto. Hakuna nyingine."

Neno hilo la mwisho nililibeba hadi Kariakoo. Mwenye fedha nyingi akinunua kompyuta mbovu, atanunua ya pili. Kwa dada yangu hakuna ya pili. Kosa likitokea, atakayelilipia ni binti, tena muhula mzima, akisubiri wenzake wamalize kazi zao usiku ndipo aazime mashine. Ndiyo maana naamini mwenye fedha kidogo anahitaji kujua mengi zaidi kabla hajafungua pochi.

Jumamosi asubuhi tulishuka basi la mwendokasi kituo cha Msimbazi, mimi na mpwa wangu. Hatujafika hata kona ya kwanza, winga akatudaka. "Karibu bosi wangu, simu, laptopu, zote zipo, bei ya maongezi." Winga anatafuta riziki yake kama sisi sote, lakini duka si lake. Atakupeleka kwa mwingine, na chake kitaingizwa kwenye bei yako. Tulimshukuru, tukapita.

Kidonda chenye rangi ya waridi

Katika duka la kwanza binti alisimama mbele ya kabati la kioo. "Mjomba, hii hapa!"

Ilikuwa nyembamba, nyepesi, ya rangi ya waridi, na nailoni yake haijabanduliwa. Bei, laki tano na themanini. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kidonda hiki nakifahamu. Miaka michache iliyopita nilinunua cha namna hiyo katika duka moja hapa mjini. Nilikifurahia miezi mitatu.

Nikamwonyesha binti kibandiko cha pembeni: prosesa Celeron N4020, RAM GB 4, hifadhi GB 64 ya aina ya eMMC. Prosesa hiyo ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Na kwa masharti ya Microsoft yenyewe, Windows 11 inadai angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Maana yake mashine hii inatoka kiwandani ikiwa imekanyaga mstari wa chini kabisa. Masasisho makubwa yakija mara moja au mbili, nafasi imekwisha. Na kwa kuwa RAM na hifadhi zimechomelewa kwenye bodi, fundi hana cha kuongeza. Yangu ilifika mahali nikifungua Word pamoja na kurasa mbili za intaneti, inaganda. Niliiuza kwa bei ya kutupa.

"Kwa hiyo mpya ni mbaya, mjomba?"

"Hapana, mwanangu. Mpya nzuri zipo, ila zimetuzidi kimo. Kwa laki sita, mpya tutakayopata ni hii."

Zilizotoka maofisini

Tukageukia za mtumba. Kampuni kubwa za Ulaya na Marekani huwapa wafanyakazi wao kompyuta, na kila baada ya miaka mitatu au minne hivi huzibadilisha kwa mkupuo, hata zile zilizo nzima kabisa. Hizo huuzwa kwa jumla, nyingi zikapitia Dubai, mwisho zikaangukia kwenye rafu zetu. Utazitambua kwa majina: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Hazina rangi ya kuvutia. Nyingi ni nyeusi au za kijivu, zina mikwaruzo, na pengine alama ya kibandiko cha ofisi ya watu.

Lakini zilipokuwa mpya, nyingi ziliuzwa karibu dola 1,000 na kuendelea. Ziliundwa kwa ajili ya mtu anayesafiri nazo kila siku, na kwa ajili ya fundi wa ofisi anayetakiwa kuzitengeneza upesi. Mfuniko wa chini unafunguka kwa bisibisi. Kwa nyingi, RAM inachomoka, SSD, yaani diski ya hifadhi, inachomoka, betri na kibodi vinabadilishwa. Watengenezaji wenyewe wameweka miongozo ya ufundi kwenye intaneti, bure, yenye picha za hatua kwa hatua. Kwa mtu wa laki sita huo ndio utajiri wenyewe: mashine anayoweza kuitunza kidogo kidogo, leo RAM, mwakani betri, kadiri senti zinavyopatikana.

Lakini si zote. ThinkPad X1 Carbon, kwa mfano, ni nzuri na nyepesi, ila RAM yake imechomelewa. Ukiinunua na GB 8, utakufa nayo na GB 8. Uliza kabla.

Soma namba, achana na jina

Duka la tatu, muuzaji alitoa mashine kwa mbwembwe. "Mzee wangu, chukua hii. Ni i7 kabisa. Laki tatu na nusu tu."

Binti alinitazama. Alishasikia kwamba i7 ni kubwa kuliko i5, na muuzaji alijua kwamba ameshasikia. Nikamwomba afungue mipangilio ya mfumo, tukasoma jina kamili: Core i7-4600U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Hii ni ya kizazi cha 4, iliyotoka mwaka 2013, yenye viini viwili. Tuiweke kando ya i5-8250U ya kizazi cha 8, iliyotoka mwaka 2017, yenye viini vinne. Mdogo mtu amemzidi kaka mtu. Tarakimu zikianza na 10, 11 au 12, basi kizazi ni hicho cha tarakimu mbili.

Kizazi cha 8 ni mpaka muhimu kwa sababu mbili. Kwanza, hapo ndipo Intel ilipoongeza viini vya i5 za kompyuta nyembamba kutoka viwili hadi vinne. Pili, hapo ndipo Microsoft ilipochora mstari wa Windows 11. Windows 10, iliyotumika katika mashine nyingi za mtumba, ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025. Kompyuta haizimiki siku hiyo, ila masasisho ya kawaida ya usalama yanakoma, na mwanafunzi anayefanya miamala na kutuma kazi zake mtandaoni anabaki na mlango wazi. Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 na kuendelea isipokuwa chache sana, na kwa upande wa AMD, Ryzen za kompyuta za mkononi kuanzia namba za 3000. Inataka pia kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo 2.0.

Na hapa kuna mtego. Fundi anaweza kuisimika Windows 11 kwenye mashine ya kizazi cha 4 kwa kuyaruka masharti hayo. Ukiwasha, kioo kinapendeza, menyu ziko katikati, kila kitu kipya. Microsoft imeonya kwamba mashine za namna hiyo hazina uhakika wa kupata masasisho. Kwa hiyo Windows 11 unayoiona kwenye kioo haithibitishi kitu. Namba ya prosesa ndiyo inayothibitisha.

Nusu saa ya ukaguzi

Tulipata tulichokitafuta ghorofa ya kwanza ya jengo moja karibu na Mtaa wa Aggrey: EliteBook 840 G5, prosesa i5-8350U, RAM GB 8, SSD GB 256. Bei ya kuanzia laki sita na ishirini. Kabla ya kutaja bei yetu, nikaomba nusu saa. Muuzaji akatupa kiti. Muuzaji anayekupa kiti na umeme wa kujaribia ni dalili njema. Anayekuharakisha, ondoka.

Tulianza na betri. Binti aliandika mwenyewe amri kwenye dirisha jeusi la Command Prompt: powercfg /batteryreport. Windows ikatengeneza ripoti yenye namba mbili za kulinganisha: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake leo. Ya kwanza ilisema 50,000, ya pili 27,000. Hiyo ni asilimia 54. Muuzaji hakubisha, akaleta nyingine ya mzigo uleule. Hiyo ilisoma 41,000, yaani asilimia 82. Mashine mbili, sura moja, bei moja, na kwa macho usingeweza kuzitofautisha.

Kisha tukaiwasha upya huku tukibonyeza F10 kuingia kwenye mipangilio ya ndani, BIOS. Kwa Dell ni F2, kwa ThinkPad ni F1. Ikidai nenosiri, iache hapo hapo. Kampuni iliyokuwa nayo iliifunga, na kufuli hilo si rahisi kulivunja. Tukaiunganisha na intaneti ya simu yangu, tukamwomba muuzaji airudishe Windows mwanzo kabisa. Mashine ambayo bado imesajiliwa kwa kampuni ya zamani itakuomba akaunti ya kazini katika hatua hizo. Hii haikuomba.

Mengine yalikwenda haraka. Kibodi, herufi moja moja, maana zilizotoka Ujerumani zimebadilishana nafasi ya Z na Y. Matundu yote ya USB kwa kuchomeka flashi. Kamera, maiki na spika kwa kujirekodi sekunde kumi. Kioo kwa kufungua ukurasa mweupe mtupu, kisha mweusi, kutafuta madoa. Ukubwa wa picha uwe 1920 kwa 1080, kwa sababu mhasibu anaishi ndani ya safu za Excel, na zile za 1366 kwa 768 zitamlazimisha kusukuma ukurasa huku na huko siku nzima. Afya ya SSD tuliipima kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Na diski iwe SSD, si ile ya kuzunguka. Kuiondoa ya kuzunguka na kuweka SSD, hilo peke yake huifanya kompyuta ya zamani iamke.

Tulikubaliana laki tano na arobaini. Nikadai risiti ya EFD, na juu yake tukaandika namba ya utambulisho wa mashine na muda wa waranti. Waranti ya mdomo huisha ukishavuka kizingiti cha duka.

Elfu sitini zilizobaki

Usimalize fedha yote kwenye mashine. Elfu sitini zetu zilinunua begi lenye sponji, kifaa cha kukinga umeme unaopanda na kushuka, na flashi ya kuhifadhia nakala za kazi. Kompyuta hufa siku yoyote. Kazi ya muhula isife nayo.

Programu hazikutugharimu. Muuzaji alikuwa tayari kutuwekea Office ya wizi, nikakataa, kwa kuwa mara nyingi virusi huingilia mlango huo. Vyuo vilivyojiandikisha kwa Microsoft huwapa wanafunzi wao Office ya mtandaoni bila malipo, na LibreOffice, ambayo ni ya bure, inatosha kuanzia.  Na aliye na mashine ya kizazi cha 6 au cha 7 tayari, asiitupe. Mfumo wa Linux Mint ni wa bure, unapata masasisho, na utakwenda vizuri kwa kuandika, kusoma na kuvinjari.

Ushauri huu ni wa mhasibu, mwalimu, mwanasheria, mwandishi. Anayesomea usanifu majengo au kuhariri video anahitaji kadi ya picha na RAM zaidi, na kwake laki sita haitoshi. Ni heri atumie maabara ya chuo kwanza akidunduliza, kuliko kununua mashine isiyoweza kazi yake.

Jioni ile binti alimpigia mama yake, akaweka spika. Nilisikia kelele za soko likifungwa kule Morogoro.

"Ni mpya?" dada akauliza.

"Si mpya, mama. Ni nzima."

Dada akanyamaza kidogo. "Mliigeuza nyuma mkaangalia?"

"Tuliigeuza, mama. Ya kwanza tuliirudisha."

"Haya. Soma, mwanangu."