Saratani ya koo Bomet: takwimu za taifa haziwaelezi wanaume wa huku

Kila Novemba inapofika, wanaume nchini huhimizwa kwenda kupimwa tezi dume. Ushauri huo una msingi, kwa kuwa kitaifa saratani ya tezi dume ndiyo inayogunduliwa zaidi miongoni mwa wanaume. Lakini katika Kaunti ya Bomet, ugonjwa ambao wazee sokoni huutaja kwanza ni mwingine. Wao husema "koo". Jirani alianza kwa kukwamwa na ugali, akahamia wali, akahamia uji, na kabla ya msimu mwingine wa mahindi akawa amezikwa.

Kwa lugha ya hospitali hiyo ni saratani ya umio, yaani ule mrija unaopitisha chakula kutoka kinywani hadi tumboni. Si saratani ya kisanduku cha sauti, wala si uvimbe wa rovu shingoni, ingawa yote hayo hufungwa kwenye kifurushi kimoja cha neno "koo". Kuchanganya majina huku si jambo dogo, kama itakavyoonekana mbele.

Madaktari wa Hospitali ya Tenwek, iliyo karibu na mji wa Bomet, walianza kulizungumzia jambo hili miaka mingi iliyopita. Mwaka 2002 waliandika katika jarida la kitabibu la The Lancet kwamba saratani ya umio ni ya kawaida miongoni mwa vijana wa Bomet. Neno lililowashtua wasomaji wa jarida hilo ni "vijana". Katika sehemu nyingi za dunia ugonjwa huu huwapata watu waliovuka miaka 60. Tenwek walikuwa wakipokea hata wagonjwa walio chini ya miaka 30, umri ambao mwanamume ana mtoto wa chekechea na mkopo wa ng'ombe ambao bado haujaisha.

Rekodi za hospitali hiyo zimeonyesha kwamba karibu thuluthi moja ya saratani zote zinazogunduliwa pale ni za umio. Sasa zilinganishwe na hesabu za nchi nzima. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilikadiria kwamba mwaka 2020 Kenya ilipata wagonjwa wapya 42,116 wa saratani za aina zote, na 2,974 kati yao walikuwa wa umio. Hiyo ni kama asilimia 7, mgonjwa mmoja kati ya 14. Kwa hivyo kitaifa ni mmoja kati ya 14, na Tenwek ni mmoja kati ya watatu.

Pengo hilo linatisha, na ni rahisi mtu kulibeba lilivyo hadi mezani au kanisani. Hata hivyo lina mitego.

Kwanza, hospitali si kaunti. Tenwek imejijengea jina katika kutibu umio, na wagonjwa huletwa kutoka Narok, Kericho, Nyamira na Kisii. Hospitali inayojulikana kwa mifupa iliyovunjika haitakosa watu wenye mifupa iliyovunjika, na hilo halimaanishi kuwa wakazi wa hapo huanguka kuliko wengine. Ili kulinganisha kwa haki, lazima wahesabiwe wakazi wa eneo lenyewe waliougua au kufariki, kisha idadi hiyo igawanywe kwa idadi ya watu wote wa eneo hilo. Ndiyo maana wataalamu husema vifo kadhaa kwa kila watu 100,000. Sensa ya 2019 iliipata Bomet na watu 875,689, na Kenya nzima na watu 47,564,296. Bila hizo namba mbili, ulinganisho wowote ni wa macho tu.

Pili, kuna umri. Saratani nyingi ni magonjwa ya uzeeni. Kaunti yenye watoto na vijana wengi itaonekana kuwa na vifo vichache vya saratani hata kama wazee wake wanakufa kwa wingi, kwa sababu watoto wanaipanua hesabu ya chini. Wataalamu huirekebisha hesabu kana kwamba maeneo yote yana mgawanyo mmoja wa umri. Mzazi akiona kwenye simu orodha ya kaunti "zinazoongoza kwa saratani" isiyosema kama umri umerekebishwa, bora aisome kama uvumi.

Tatu ni udogo wa hesabu. Chukua kata yenye watu 10,000. Mwaka mmoja wanaume watatu wanafariki kwa saratani ya umio, mwaka unaofuata watano. Mtu anaweza kutangaza kwamba vifo vimeongezeka kwa zaidi ya asilimia 60, na hesabu yake ikawa sahihi, lakini watu wawili hawatoshi kuonyesha mwelekeo. Inabidi miaka kadhaa ikusanywe pamoja.

Hata takwimu za taifa zenyewe haziendi moja kwa moja. IARC hiyo hiyo ilikuwa imekadiria kwamba mwaka 2018 Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya 47,887 na vifo 32,987. Makadirio ya 2020 yakawa wagonjwa 42,116 na vifo 27,092. Kwa upande wa umio, wagonjwa 4,380 wa mwaka 2018 wakashuka hadi 2,974. Je, saratani ya umio ilipungua kwa thuluthi nzima ndani ya miaka miwili? La. Kilichobadilika ni namna ya kukadiria na rekodi zilizotumika, na shirika lenyewe huonya kwamba toleo moja lisitumiwe kupimia lingine. Hayo ni makadirio. Hakuna aliyezunguka nyumba kwa nyumba akihesabu. Rekodi zilizochangia zaidi zilitoka maeneo machache yenye madaftari ya saratani ya muda mrefu, hasa Nairobi na Eldoret. Na hata madaftari hayo mawili hayafanani: Nairobi tezi dume imekuwa mbele miongoni mwa wanaume, Eldoret umio umekuwa juu. Anayezungumza juu ya "mwanamume Mkenya" na saratani yake anazungumza juu ya mtu asiyekuwepo.

Baada ya mitego hiyo yote kuondolewa, bado kuna kitu kinabaki. Bomet haiko peke yake. Iko ndani ya ukanda ambao watafiti wameutambua kuwa na saratani nyingi ya umio, kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Afrika Magharibi haina kiwango kama hicho. Mwaka 2016 watafiti wa Tenwek walichapisha matokeo ya uchunguzi wa takriban wakazi 300 wasiokuwa na dalili yoyote. Waliingiziwa kamera ndogo kooni na umio ukapakwa ayodini, ambayo huacha seli zenye hitilafu bila rangi. Takriban mmoja kati ya kila saba alikuwa na seli zilizokwisha kuanza kubadilika. Watu hawa hawakuja kwa sababu wanaumwa. Walikuwa wakila ugali kama kawaida, kwa hiyo hapa hoja ya hospitali kuvuta wagonjwa haina nguvu.

Kwa nini huku? Hakuna jibu moja, na anayeleta jibu moja asikilizwe kwa tahadhari.

Utafiti uliofanywa Eldoret, katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, uliwalinganisha wagonjwa wa umio na watu wasio nao. Kwa wanaume, pombe na tumbaku zilijitokeza kwa nguvu, na pombe yenyewe kwa sehemu kubwa ni chang'aa na busaa. Waliozoea vinywaji vya moto sana nao walionekana kuwa katika hatari kubwa kuliko wanaovinywa vikiwa vuguvugu. Meno yaliyong'oka na kinywa kisichotunzwa pia vilihusishwa na ugonjwa.

Chai ya moto si tuhuma ya kijijini tu. Mwaka 2016 IARC iliviweka vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Tatizo linahusishwa na joto lenyewe. Majani ya chai hayana lawama hapo. Upande wa pili wa mpaka, huko Kilimanjaro, watafiti waliopima chai ya watu walipoanza kuinywa walipata wastani wa takriban nyuzi 70. Katika kaunti inayolima chai kama Bomet, ambako sufuria ya chai ya maziwa huchemka asubuhi, saa nne na jioni, na mgeni akipewa chai ya vuguvugu hujiona amedharauliwa, si rahisi kumwambia mtu angoje. Lakini kungoja ni dakika chache tu, au kuongeza maziwa baridi. Watoto hujifunza kiwango cha joto kinachofaa kutoka kwa kikombe cha baba, na mazoea hayo huanza kabla hata ya darasa la kwanza.

Mursik imelaumiwa kuliko vyote. Ni kweli kwamba uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulipata ndani ya maziwa hayo ya kibuyu asetaldehidi, kemikali inayohusishwa na saratani, pamoja na kiasi cha kileo. Lakini kuipata kemikali ndani ya kinywaji ni hatua moja, na kuonyesha kwamba wanaokinywa wanaugua zaidi ni hatua nyingine ambayo haijafikiwa kwa uthabiti. Familia inayoitupa mursik huku baba akiendelea na chang'aa na sigara imetupa kitu kisicho sahihi.

Wanaume hupata ugonjwa huu zaidi ya wanawake, ingawa katika magharibi mwa Kenya pengo ni dogo kuliko ambavyo mtu angetarajia akiangalia pombe na sigara peke yake. Hiyo ni sababu nyingine ya kuamini kwamba kuna mambo zaidi, pengine moshi wa jikoni, pengine lishe, pengine urithi.

Kinachowaua wengi ni kuchelewa. Umio hupanuka, na hautoi dalili mpaka uvimbe uwe umeziba sehemu kubwa ya njia. Makadirio ya 2018 yalionyesha wagonjwa 4,380 na vifo 4,351 vya umio kwa mwaka huo mmoja, karibu sawa kwa sawa. Dalili ya kwanza huwa ndogo: tonge linalosita kifuani, maji ya kusindikizia kila baada ya tonge mbili. Mwanamume hubadilisha chakula badala ya kusema. Mara nyingi mke ndiye anayegundua: "Baba, mbona siku hizi nyama unawaachia watoto?" Jibu huwa kwamba meno yanauma, au kwamba ni vidonda vya tumbo. Dawa za vidonda vya tumbo hununuliwa dukani, mwezi unapita, na mwingine, na suruali inaanza kuhitaji mshipi. Tonge linalokwama kwa zaidi ya wiki mbili, kwa mtu mzima wa umri wowote katika ukanda huu, linahitaji kamera, hata akiwa na miaka 28.

Hapa ndipo takwimu za kitaifa zinapoweza kumdhuru mtu wa Bomet. Mwanamume wa miaka 45 anaweza kwenda kwenye kambi ya matibabu, akapimwa damu kwa ajili ya tezi dume, akaambiwa yuko salama, akarudi nyumbani na umio wake haujaangaliwa na mtu. Kipimo kile hakikukosea. Hakikuulizwa swali lile. Na zahanati ya kijijini yenye muhudumu aliyefundishwa kwamba saratani ya umio ni ya wazee itampa kijana dawa ya asidi na kumwambia apunguze pilipili.

Kwa aliyechelewa, Tenwek wamekuwa wakitumia kwa miaka mingi stenti, mrija wa wavu wa chuma unaofunguka ndani ya umio na kuacha njia. Mtu aliyekuwa akishindwa hata kumeza mate anaweza kula tena. Stenti haiponyi saratani. Humpa mgonjwa miezi ya kula mezani na watoto wake, na familia nyingi husema hilo lilikuwa na thamani kuliko walivyotazamia. Kwa anayegunduliwa mapema kuna upasuaji, na seli zilizobadilika tu zinaweza kuondolewa kwa kamera bila kufungua kifua. Tofauti ya gharama kati ya hatua hizo mbili inaweza kuwa shamba zima.

Limebaki suala la hesabu. Mwanamume anapofia nyumbani, jamaa huenda kwa naibu wa chifu kuripoti na kupata kibali cha mazishi. Wakiulizwa chanzo cha kifo, husema "koo", au "tumbo", au "aliugua kwa muda mrefu", na hayo ndiyo yanayoandikwa. Vifo hivyo haviingii kwenye safu ya saratani ya umio ya Bomet wala ya Kenya. Familia iliyokuwa na karatasi ya hospitali inaweza kwenda nayo siku hiyo, na kuomba kwamba jina lililoandikwa na daktari ndilo liandikwe kwenye fomu.